Hitilafu Mbili Katika Laptopu Moja: Jinsi Waifai Ilivyosakwa Oyugis

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota Afrika Mashariki kwa wakati mmoja. Nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini, na data ya Kenya, Tanzania na majirani zao ikasongamana kwenye njia chache zilizobaki. Siku hiyo watu walizima ruta zao, wakaziwasha, wakazizima tena. Hakukuwa na kitufe chochote nyumbani ambacho kingesaidia.

Siku ya namna hiyo huja mara chache. Hapa Oyugis, mji ulio kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kisii, laptopu ikikataa kufungua ukurasa lawama huenda moja kwa moja kwa kampuni ya simu, au kwa mvua, au kwa mnara. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi tatizo liko ndani ya nyumba, kati ya laptopu na ruta, tena mahali linapoweza kupimwa bila kulipa senti. Kinachokosekana ni mazoea ya kupima kabla ya kugusa. Ukizima ruta, ukafuta draiva na kubadilisha nenosiri kwa mkupuo mmoja, kisha mambo yakakaa sawa, hutajua ni kipi kilichotibu. Hitilafu ikirudi wiki inayofuata, utaanza upya gizani.

Kisa ninachokichambua kilitokea katika nyumba iliyo nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Kendu Bay. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, na binti yake yuko chuo kikuu, sehemu ya mihadhara anaifuata akiwa nyumbani. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma na paa la mabati. Ruta ni ya kutumia laini ya simu, imewekwa dirishani sebuleni. Laptopu ni ya mtumba, mojawapo ya zile zilizotumika maofisini Ulaya kisha zikaletwa Kenya kuuzwa tena. Ni mashine imara, na kwa mwanafunzi ni ununuzi wa busara.

Malalamiko yalikuwa mawili. Kwanza, chumbani waifai ilikatikakatika ilhali simu za watu wengine zilifanya kazi vizuri. Pili, kila stima ilipopotea usiku kucha, asubuhi laptopu ilionyesha kwamba imeunganishwa lakini tovuti nyingi hazikufunguka, hata ikiwekwa kando ya ruta.

“Fundi, tuliambiwa tuongeze bando,” Mwalimu alisema. “Tukaongeza. Bado.”

Waliowashauri kabla yetu walikuwa wameyachukua malalamiko hayo kama ugonjwa mmoja, na hapo ndipo walipopotea. Yasikilize tena: la kwanza linafuata mahali, la pili linafuata wakati. Hitilafu inayotegemea chumba na hitilafu inayotegemea stima haziwezi kudhaniwa kuwa na chanzo kimoja mpaka vipimo viseme hivyo. Kwa hiyo tulizitenganisha, tukaanza na ile ya chumbani kwa sababu ingeweza kuonekana wakati wowote.

Jaribio la kwanza halihitaji laptopu. Unakaa kwenye kiti kilekile anachokaa mwenye shida, unashika simu iliyounganishwa kwenye waifai ileile, unazima data ya laini ili simu isikudanganye, kisha unafungua video. Hapa kuna mtego wa kuangalia. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali. Yale ya 5 yana kasi lakini hudhoofika haraka yakikutana na ukuta. Ukilinganisha simu iliyo kwenye 2.4 na laptopu iliyo kwenye 5, hujalinganisha kitu. Tuliviweka vyote kwenye 2.4. Simu ikacheza video bila kusita. Laptopu, juu ya meza hiyohiyo, ikabaki kuzungusha duara.

Kwa jaribio hilo moja tulikuwa tumeondoa lawama kwa mnara, laini, bando na ruta yenyewe. Vyote hivyo simu ilikuwa inavitumia wakati uleule. Ukitaka kujua ni wapi fedha za Mwalimu zilipotelea, ni hapo: bando kubwa hugusa tu kipande cha njia kilicho kati ya ruta na kampuni, na kipande hicho hakikuwa na tatizo.

Tulifuatisha amri ya ping. Iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani, alipokuwa akisaka kasoro ya mtandao. Hadi leo sijaona chombo cha bure kinachoishinda kwa kazi hii. Inatuma ujumbe mdogo, inangoja urudishwe, inakuambia umechukua muda gani. Ukiielekeza kwenye anwani ya ruta, ambayo kwa kawaida ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, unapima kile kipande cha hewani tu, kutoka laptopu hadi ruta. Kipande hicho kikiwa na afya, majibu hurudi ndani ya milisekunde chache. Kutoka chumbani, majibu yalirudi kwa milisekunde 4, halafu 600, halafu 900, halafu hayakurudi kabisa, halafu 7. Mtandao unaoyumba hivyo kabla haujatoka nje ya ukuta wa sebule hauhusiani na Nairobi wala bahari.

Sasa swali likawa dogo zaidi: mawimbi yanakufa njiani, au laptopu haiyasikii? Watu wengi huishia kutazama vile vijistari vya waifai kwenye kona ya skrini. Havitoshi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika netsh wlan show interfaces, nawe utapewa asilimia ya mawimbi, chaneli na kasi ya kupokea. Asilimia hiyo ina hesabu yake, na kuijua ndiyo nusu ya kazi. Sifuri inasimamia desibeli -100, na 100 inasimamia desibeli -50 au zaidi. Katikati ni mstari ulionyooka. Kwa hiyo asilimia 70 ni -65, na asilimia 28 ni -86. Na kila desibeli 10 zinapopungua, nguvu ya mawimbi hubaki sehemu moja ya kumi. Asilimia 70 inaonekana kama alama nzuri ya mtihani, kumbe ni mawimbi hafifu mara nyingi kuliko ya asilimia 100.

Tulipima mahali pawili. Mita moja kutoka kwenye ruta, laptopu ilisoma asilimia 70, yaani -65. Chumbani ilisoma 28, yaani -86. Simu, kwa programu ndogo ya kupima waifai, ilisoma -38 karibu na ruta na -60 chumbani. Namba hizi huchezacheza, hivyo usiziamini kwa usomaji mmoja, lakini ukikaa nazo kidogo utaona kitu. Kutoka sebuleni hadi chumbani simu ilipoteza desibeli 22, laptopu 21. Kuta zilikuwa zinatoza vyombo vyote viwili sawasawa. Tofauti kati ya simu na laptopu, kwa upande mwingine, ilikuwa desibeli 27 sebuleni na 26 chumbani. Haikubadilika na mahali. Laptopu ilikuwa inasikia karibu mara 400 hadi 500 hafifu kuliko simu popote ilipowekwa, hata ikipakana na ruta.

Usomaji wa mita moja ndio ulionishtua zaidi kuliko ule wa chumbani. Laptopu yenye afya iliyo karibu na ruta kiasi hicho inapaswa kusoma 100 bila kujikakamua. Ikisoma 70 hapo, ni mgonjwa, ingawa inafungua kurasa zote na mwenyewe anaapa kwamba “karibu na ruta iko sawa.” Kama familia ingenunua kifaa cha kuongeza mawimbi na kukiweka koridoni, kama duka moja lilivyowashauri, huenda chumbani pangepata nafuu kidogo, na ugonjwa wenyewe ungeendelea kujificha.

Kabla ya kushika bisibisi ilibaki kuthibitisha kwamba kosa si la programu. Draiva mbovu na mpangilio wa kuokoa betri vinaweza kudhoofisha waifai, na huwezi kuvitofautisha na ubovu wa vyuma kwa kutazama tu. Njia iliyo safi ni kuiwasha laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, bila kusakinisha chochote, ili Windows na draiva zake zote zikae pembeni. Tulifanya hivyo. Desibeli zikasoma vilevile. Hapo ndipo ruhusa ya kufungua mashine ilipopatikana.

Antena za laptopu hazikai kwenye kadi ya waifai. Ziko kwenye kifuniko, pembezoni mwa skrini, na nyaya zake mbili nyembamba hushuka kupitia bawaba hadi kwenye kadi iliyo chini ya kibodi. Kila waya huishia na kiunganishi cha mviringo chenye upana wa milimita mbili hivi. Tulipoondoa kifuniko cha chini, waya wa kijivu ulikuwa umechomoka, umelala kando ya feni. Ule mweusi ulikuwa umechomekwa, lakini ulipopita kwenye bawaba ulikuwa umebanwa hadi ngozi yake ikapasuka na nyuzi za shaba za nje kuonekana. Binti akakumbuka kwamba bawaba iliwahi kuvunjika, ikatengenezwa. Aliyeitengeneza alifanya kazi nzuri ya bawaba, akafunga kifuniko bila kutazama njia ya nyaya.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini laptopu isiyo na antena nzima iliendelea kupata chochote. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12.5 hivi, na antena hutengenezwa kwa vipimo vinavyofuata urefu huo. Kiunganishi kitupu cha milimita mbili nacho hunasa mawimbi, ila kwa sehemu ndogo mno. Ukiwa sebuleni, sehemu hiyo ndogo inatosha. Ukiongeza kuta mbili za matofali, haitoshi tena. Ndiyo maana hitilafu ya aina hii hujifanya tatizo la umbali.

Nyaya mpya zilitoka kwenye laptopu ya aina hiyohiyo iliyokufa ubao. Kuzipitisha kwenye bawaba ni kazi ya subira: kifuniko hufunguliwa na kufungwa mara kadhaa kabla ya kukaza skrubu, ili kuhakikisha waya haukazwi wala haukunjwi. Vile viunganishi vidogo vimeundwa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 30 hivi tu, kwa hiyo havijaribiwijaribiwi. Unakilenga wima, unakibonyeza kwa kucha, unasikia kimeingia. Baadaye tukapima palepale: mita moja, asilimia 100, chumbani, 76. Ping kwa ruta ikawa inarudi kwa milisekunde 3 mpaka 5 bila kupoteza hata moja.

Na papo hapo malalamiko ya pili yakajitokeza mchana kweupe, stima ikiwapo. Laptopu iliunganishwa. Ruta ilijibu. Anwani 8.8.8.8 ya Google ilijibu. Majina ya tovuti yalitafsiriwa kuwa anwani bila shida. Alama ya waifai haikuwa na onyo lolote. Lakini ukurasa wa chuo ulikataa, wa huduma za serikali, eCitizen, ukakataa, kila mmoja ukidai kwamba muunganisho si salama. Kwenye kona ya chini ya skrini tarehe ilisoma 1 Januari 2013.

Kufungua laptopu kunataka betri kubwa ichomolewe. Saa ya laptopu, ikikosa umeme huo, hutegemea betri ndogo ya mviringo ya CR2032, ya volti 3, iliyo kwenye ubao. Ya mashine hii ilikuwa imekwisha. Betri kubwa nayo ilikuwa imechoka kiasi kwamba stima ikipotea usiku kucha ilifikia sifuri, na saa ikarudi mwanzo. Kumbe stima na intaneti vilikuwa vimeunganishwa na kitu cha ukubwa wa sarafu.

Tarehe inahusikaje na tovuti? Kila tovuti salama huwa na cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Vyeti vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na tovuti nyingi sana duniani, kwa miaka mingi vimekuwa vikidumu siku 90 tu. Laptopu inayoamini kwamba ni mwaka 2013 huona cheti cha mwaka huu kama hati ambayo bado haijaanza kutumika, na inafanya haki kukikataa. Simu haikumbwi na jambo hili kwa urahisi kwa sababu hupata saa kutoka kwa mnara.

Mambo mawili zaidi huificha hitilafu hii. Windows hujiridhisha kwamba kuna intaneti kwa kuomba faili moja fupi ya maandishi kutoka kwa Microsoft, na huiomba kwa njia ya kawaida isiyo na cheti. Faili inafika, alama ya waifai inakaa sawa, ilhali kila tovuti yenye maana imefungwa. La pili, mtu hutarajia saa ijirekebishe yenyewe kupitia intaneti. Kwa mipangilio ya kawaida ya laptopu ya nyumbani, huduma ya saa ya Windows haikubali kurekebisha tofauti inayozidi saa 15. Miaka kadhaa iko nje kabisa ya kiwango hicho. Tulibadilisha betri ndogo, tukaandika tarehe kwa mkono, tukahakikisha ukanda wa saa ni wa Nairobi badala ya London uliokuwamo tangu laptopu inunuliwe, na tovuti zikafunguka.

Dalili nyingine nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa ngazi ya vipimo ni ileile. Ukiandika ipconfig ukakuta anwani inayoanza na 169.254, laptopu imeomba anwani kwa ruta na haikujibiwa. Usipoteze muda na tovuti. Ruta ikijibu ping lakini 8.8.8.8 ikakaa kimya, sasa ndiyo zamu ya kampuni kupigiwa simu. Anwani hiyo ikijibu lakini majina hayafunguki, tatizo ni seva ya majina. Laptopu iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ikiwa haioni kabisa waifai ambayo simu inaiona, angalia kama ruta iko kwenye chaneli 12 au 13. Mashine nyingi zilizopangwa kwa soko la Marekani huishia chaneli 11.

Ikiwa ni programu moja tu iliyogoma na nyingine zote zinakwenda, laptopu iache ipumzike. Novemba 2023 na Novemba 2024, wakati wa mitihani ya kitaifa ya sekondari, KCSE, Telegram ilizuiwa nchini Kenya, na wapo waliohangaika na ruta zao kwa sababu hiyo. Tovuti za ng'ambo zikiburuta miguu huku za Nairobi zikifunguka mara moja, basi fikiria bahari. Kenya ina kituo cha kubadilishana data, KIXP, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 2000, kikafungwa kwa mzozo wa leseni, na kufunguliwa tena 2002. Kabla yake, barua pepe kati ya ofisi mbili za mtaa mmoja Nairobi ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda Ulaya au Marekani na kurudi. Leo data ya ndani inaweza kubaki ndani, na ndiyo sababu kulinganisha tovuti ya hapa na ya mbali ni kipimo chenye maana.

Ruta ya Mwalimu haikuguswa hadi mwisho kabisa, makusudi. Ruta za laini zina mvutano wa kweli ndani yake: upande mmoja hutaka dirisha linaloelekea mnara, upande mwingine hutaka katikati ya nyumba. Yeye alikuwa ameiweka dirishani, jambo zuri, lakini nyuma ya televisheni, na kati yake na vyumba kulikuwa na kabati la chuma. Chuma hurudisha mawimbi ya waifai, hakiyapitishi. Tuliisogeza hadi dirisha la pili la ukuta uleule, juu ya rafu ya mbao, na chumbani kukaongezeka desibeli 5. Chaneli tuliitoa kwenye 6, ambayo jirani mmoja anaitumia, tukaiweka 11; kwenye 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana.

Kilichobaki ni adapta. Lebo ya ruta inataka volti 12 na ampea 2. Iliyochomekwa ni ya volti 12 na ampea 1, iliyonunuliwa baada ya ile ya awali kuungua kwa radi. Mvua za alasiri za ukanda huu, kati ya ziwa na milima ya Kisii, hazina huruma kwa vifaa vilivyoachwa kwenye soketi. Adapta ndogo huwasha taa zote za ruta, kisha ruta hujizima na kujiwasha pale watu wengi wanapoitumia kwa pamoja, yaani jioni. Mwalimu alikubali kwamba jioni huwa inajiwasha upya, ila hakuwa amelihesabu hilo kama tatizo. Ameandika namba za lebo kwenye karatasi aende nazo mjini.